Kamati ya Ufundi ya Hadeda

Jumapili, 2 Februari 2025

Msimu umeisha. Tumeshika nafasi ya nne. Timu ziko sita, lakini hilo halina haja ya kutajwa. Nne bora huingia mtoano. Kwa hiyo sisi ni bora.

Niweke kumbukumbu sawa. Hadeda ni klabu ya besiboli ya Turffontein, hapa Johannesburg, daraja la pili. Tumeitwa kwa jina la yule ndege mkubwa wa hapa anayepiga kelele asubuhi mpaka unatamani kumrushia kiatu. Wachezaji kumi na nne. Kocha André, mstaafu wa posta, sauti ndogo, masharubu makubwa. Na mimi, Bakiri, mzaliwa wa Tanga: mwenyekiti, katibu na mwanachama pekee wa Kamati ya Ufundi. Kazi yangu inayoonekana ni kubeba kofia ngumu na kuhesabu mipira. Kazi isiyoonekana ni ushindi.

Kuna tatizo. Tatizo linaitwa Ignace. Fundi cherehani kutoka Lubumbashi, mrefu, mpole, shati limenyooshwa hata siku ya mvua. Yeye hukaa benchini na daftari la mchezo. Akiita jina, mtu anainuka kwenda kupiga. Akiita jingine, mwingine anainuka. Hakuna anayembishia. Madaraka yote hayo kwa mshona suruali!

Leo kocha katangaza: tukifika fainali, sheria ya ligi inaruhusu msaidizi mmoja tu benchini. Mmoja. Atamteua baada ya nusu fainali. Na fainali itarushwa moja kwa moja mtandaoni.

Ignace alinipa mkono, akanitakia heri. Mnafiki huyo.

Jumanne, 4 Februari

Kosa dogo. Nilimpigia shemeji yangu Karimu, kule Tanga, kumjulia hali tu. Akauliza habari za kazi. Nikamwambia mimi ni Mkurugenzi wa Ufundi wa timu ya Afrika Kusini, na siku ya fainali ataniona benchini kwa macho yake. Ilinitoka yenyewe. Kufika adhuhuri alishatangaza kijiwe kizima. Wataangalia pamoja kwenye simu moja kubwa. Mwalimu wangu wa madrasa kaalikwa.

Sasa lazima nikae kwenye kile kiti. Hakuna njia nyingine.

Mke wangu, Tabia, kasema kwamba anavyojua yeye, mimi ni mlinzi wa magari huko Randburg. Nikamrekebisha: afisa wa maegesho. Kasema haya, Baba Mayasa, afisa, njoo ule.

Jumamosi, 8 Februari

Nusu fainali, uwanjani kwetu, dhidi ya watu wa Benoni.

Nimeamka na hekima. Nyumbani kila mpenzi wa soka anajua: siku ya mechi kubwa hupiti getini. Geti huwa limeshafanyiwa kazi na wapinzani. Unaruka ukuta, unaingia salama. Nikawaeleza wachezaji. Wakatazamana. Luqman, mrushaji wetu, baba yake Mzanzibari lakini yeye kazaliwa hapa: Kiswahili anakisikia chote, anakijibu kwa Kizulu. Alisema jambo, wenzake wakacheka. Kocha akanikumbusha kwamba geti ni letu wenyewe, na ufunguo ninao mimi.

Wakapita getini. Nikaruka ukuta peke yangu, kwa niaba ya wote.

Kuta za Tanga hazina waya wa umeme. King'ora kililia. Kampuni ya ulinzi ikaja na magari mawili na watu sita wenye silaha. Wakaniamuru nilale kifudifudi. Nikalala. Suruali ilibaki ukutani. Mechi ikachelewa dakika arobaini, na mrushaji wa Benoni, aliyekuwa amepasha misuli vizuri kabisa, akapoa.

Tumeshinda 6–5! Kamati imefanya kazi yake. Hakuna aliyenishukuru.

Ignace aliishona suruali palepale, kwa mkono, mimi nimejifunga taulo la timu. Mshono hauonekani hata ukiutafuta. Hakutaka chochote. Inaudhi sana.

Jumapili, 9 Februari

Nimekwenda Randburg kupeleleza nusu fainali ya pili. Wenyeji wameshinda 11–0. Mrushaji wao ni jitu lenye mikono ya kufika magotini.

Lakini siri si mikono. Siri nimeiona! Nyuma yake, juu ya kituta cha kurushia, kuna kifuko cheupe cha kitambaa, kidogo, kimefungwa. Kabla ya kurusha anainama, anakiokota, anakipigapiga kiganjani, vumbi jeupe linatoka, anakitupa chini. Kisha anarusha. Hakosi. Msimu mzima sijaona kitu hicho uwanjani kwetu. Luqman anajifutia vumbi la ardhini, maskini.

Mbele za watu! Mchana kweupe! Hata hawaoni haya.

Mimi mtu wa Tanga. Sifundishwi hirizi.

Jumanne, 11 Februari

Kocha kamteua Ignace. Sababu: daftari. Kampa na koti la benchi, kijani kibichi, HADEDA mgongoni. Koti lenyewe kalishona Ignace. Kwa hiyo mtu kajishonea, kajivika.

Kocha kasema mimi nitakaa nyuma ya uzio, karibu sana. Kasema karibu sana mara mbili.

Nimeumia. Naandika tu bila kulia. Kamera haielekei kwenye uzio, nimeuliza. Karimu katuma ujumbe: kijiwe kimeongeza viti.

Bado kuna njia. Nikiivunja hirizi ile, mrushaji wao ataharibikiwa mbele ya watu wote. Hapo nitamfuata kocha na kumweleza ni nani aliyefanya. Ataniita benchini mwenyewe.

Alhamisi, 13 Februari

Nahitaji kifuko kinachofanana na kile. Fundi ninayemjua Johannesburg nzima ni mmoja.

Nilikwenda kibandani kwake Rosettenville. Nikasema ni cha Tabia, cha kutilia karafuu. Akauliza ukubwa. Nikamwonyesha kwa vidole. Akauliza kama bibi yangu, yaani Tabia, atapenda rangi. Nikasema nyeupe, nyeupe tupu. Akakimaliza nikiwa nimesimama. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, akatumia ule wa kijani uliobaki kwenye koti, mshono mdogo mno, wa ndani. Akakataa malipo. Akasema tuko pamoja, mukubwa, salamu kwa bibi.

Nilipokuwa natoka nilijisikia vibaya kidogo. Kufika kwenye robot ya pili, yaani taa za barabarani, hali ilikuwa imetulia.

Jumatano, 19 Februari

Cha kutia ndani: unga wa ngano unaganda, chokaa inawasha. Nimechagua poda ya mtoto. Nyeupe, laini, haina nguvu yoyote. Tabia kauliza poda ya nini, Mayasa ana miaka kumi na tisa. Nikasema ya kazini. Hakuuliza zaidi. Siku hizi haulizi.

Jumamosi, 22 Februari

Fainali, uwanjani kwao Randburg. Naandika yote, kwa utaratibu.

Saa tatu asubuhi. Nimevaa ile vesti yangu ya njano ya maegesho. Mji huu mtu mwenye vesti ya njano haulizwi kitu. Nimechukua reki yao, nimelainisha kituta chao, nimebadilisha kifuko. Cha kwao nikakitia mfukoni. Mtunza uwanja akaniambia sharp sharp, yaani safi kabisa, akanipa na chai.

Saa saba. Tunaanza kupiga sisi. Jitu likainama, likaokota, likapigapiga, likarusha. Mpira ukaruka juu ya mdakaji na kugonga uzio! Wa pili vilevile. Wa tatu ukampata mtu wetu begani. Jitu likawa linaokota kifuko kila mara, na kila likiokota linazidi kuharibu. Tatu bila! Nilisimama nyuma ya uzio nikapiga kelele mpaka mama mmoja akahama.

Nikaanza kumfuata kocha. Sikufika mbali.

Zamu yao ya kupiga. Luqman akapanda kituta kilekile. Kumbe kituta ni kimoja! Kumbe kifuko hakiondoki na mwenyewe, kinabaki palepale, wanatumia wote wawili! Hili hakuna aliyeniambia. Nikampigia Luqman kelele asikiguse. Akanipungia mkono. Akakiokota. Kwa mara ya kwanza msimu mzima kapata kitu cha kujipaka, akajipaka mpaka kwenye viwiko.

Mpira wa kwanza: pajani mwa mpigaji. Wa pili: benchini kwetu. Wakatuingizia nne.

Hapo nikatia mkono mfukoni kutafuta leso, na mkono haukutoka. Kifuko chao kilikuwa kimevuja. Vidole vimenata, simu imenata, leso imenata. Ni ulimbo uliosagwa! Ni wa kushikia mpira usiteleze. Hirizi hakuna. Na mimi nimewapaka warushaji wawili poda ya mtoto.

Mwamuzi akakiokota kile kifuko. Akakinusa. Akakinusa tena. Akakipindua, akaona uzi wa kijani, akatazama koti letu la benchi. Akatuita. Akasema hiki kimetoka Hadeda, na kama hajulikani aliyekileta, mchezo umekwisha na kombe ni la Randburg.

Kocha akasema hajui. Wachezaji wakasema hawajui. Ignace akaomba akione. Akakigeuza. Fundi hasahau mshono wake. Akainua kichwa, akanitazama mimi moja kwa moja kupitia uzio. Nikatazama mawingu.

Akasema mshono ni wake. Mwamuzi akauliza amemshonea nani. Ignace akasema alikishona cha kutilia karafuu. Mwamuzi akasema habari ya karafuu hataki kuisikia. Akamtoa nje.

Alivua koti. Akalikunja. Akatoka kwa mlango wa uzio, akasimama mbele yangu, akanipa. Laiti angenitukana, ningejua la kujibu.

Kocha alikuwa ameinamisha kichwa. Akaniashiria niingie. Mtu wa pekee aliyebaki.

Nikakaa! Kamera ikageuka. Karimu akatuma ujumbe hapo hapo: kijiwe kinapiga makofi, mwalimu kaomba dua. Akauliza yule mrefu aliyekuwa hapo ni nani. Nikajibu msaidizi wangu, anaumwa tumbo. Nilijibu kwa kidole gumba tu, vingine vilikuwa vimenata.

Saa kumi mvua ya radi, kama kawaida ya Februari. Wote ndani nusu saa. Tukarudi. Kipindi cha mwisho wako mbele 7–6. Watu wetu wawili wameshatolewa, wa tatu akitolewa zamu yetu imekwisha; wengine wawili wako kwenye besi. Kocha yuko kule kwenye besi ya tatu anaongoza wakimbiaji. Daftari ninalo mimi. Kurasa zinashikana na vidole. Aliyekuwa anafuata ni mdakaji wetu, kijana mzuri, lakini hajagusa mpira tangu Desemba.

Mimi si mjinga. Nikamwita Luqman, anayepiga kuliko wote.

Luqman akaniuliza, safari hii kwa Kiswahili safi, kama nina hakika ni zamu yake. Nikamwambia daftari ndilo linalosema. Hakuna anayebishana na daftari. Akaenda. Akapiga mpira ukavuka uzio wa kati! Wote watatu nyumbani, 9–7, na Randburg wamebakiwa na zamu moja tu! Kofia zikarushwa. Nikakumbatiwa. Nikabebwa! Dakika mbili kamili nilikuwa mtu mkubwa kupita wote Afrika Kusini, na Tanga wanaona.

Kisha kocha wa Randburg akaja na karatasi, anatembea polepole.

Kumbe Ignace hakuwa anachagua. Kumbe orodha ya wapigaji huandikwa kabla ya mchezo, na haibadilishwi, na yeye alikuwa anaisoma tu. Miezi minne nimemwonea wivu mtu anayesoma orodha! Mdakaji, mwenye zamu yake, kahesabiwa katolewa, wa tatu. Pointi zetu zikafutwa. 7–6. Kombe la Randburg.

Hakuna aliyenitukana. Walikusanya kofia wenyewe, nami nikazihesabu.

Jumatano, 26 Februari

Ligi imemfungia Ignace msimu mzima ujao.

Leo alinifuata maegeshoni, kazini. Kasimama kando mpaka nimalize gari. Kasema kocha kamweleza kwamba kiti sasa ni changu, naye Jumamosi aliona mikono ya koti imenizidi, basi angeipunguza. Kisha akauliza kama Tabia alikipenda kile kifuko.

Nikasema alikipenda sana.

Akasema anafurahi. Nadhani anajua kila kitu. Nimeona aibu, aibu ya kweli, ya kushuka mpaka miguuni. Nikafungua kinywa nimwambie yote. Gari jeupe likawa linarudi nyuma vibaya, nikalazimika kuliongoza. Nilipogeuka alikuwa bado yupo, ananingoja. Kwa hiyo gari si sababu. Nikafunga kinywa.

Jioni nikamwendea kocha nyumbani kwake, nimeamua kusema. Kabla sijaketi kasema lawama zote ni zake, hakunifundisha daftari. Kasema ataniandikisha rasmi msimu ujao kama nina moyo. Akauliza kama nina neno.

Nikasema ninalo. Nikaomba koti liandikwe cheo.

Kakubali. Nimelipeleka kwa Ignace. MKURUGENZI WA UFUNDI, mgongoni, herufi kubwa. Kapima, kasema maneno ni marefu, lakini atayapanga vizuri, Ijumaa litakuwa tayari. Ukweli nitamwambia Ijumaa hiyo hiyo. Au akishamaliza na kofia ya cheo hicho hicho.