Malalamiko Dhidi ya Msomaji Anayesoma Vizuri Mno

Kiwanda cha Sigara El Colibrí,
Ukumbi wa Wasokotaji,
Pinar del Río.
Jumatatu.

Ndugu Msimamizi Mkuu,

Kwa heshima zote unazostahili, na nyingine kidogo za akiba endapo barua hii itakukera, mimi Nemesio Bofill, msokotaji wa sigara ndefu katika meza ya dirishani, naomba umwondoe kazini Bi Zoraida Echemendía, msomaji wetu, anayetusomea kwa sauti jukwaani huku tukisokota. Sina ugomvi naye. Ni mama mwenye adabu, hachelewi, na kila asubuhi hunisalimu kabla sijamsalimu. Kosa lake ni moja tu: anasoma vizuri mno, na usomaji wake unanimaliza.

Hali yangu unaijua. Ndugu Arencibia, mkaguzi wa ubora, ameapa kwamba nikitoa kundi bovu la sigara tena wiki hii, Jumatatu ijayo nahamia meza ya vidogo. Mimi! Niliyeanza kusokota sigara ndefu nywele zangu zikiwa bado nyeusi, nikakae na wanagenzi mbele kabisa ya ukumbi, chini ya jukwaa la msomaji, nikitengeneza vijisigara vya mtu kuvuta akisubiri basi. Nitaweka wapi uso wangu? Kwa hiyo nakuomba usome hadi mwisho. Nimeweka namba ili usipotee njiani.

1. Mkono wangu. Wewe ulianzia ofisini, basi niwie radhi nikikukumbusha. Majani ya ndani, tunayoyaita matumbo, hukunjwa moja moja na kupangwa ili moshi upate pa kupita. Yakishapangwa hufungwa kwa jani la kifungio, ndipo huvikwa joho, lile jani laini la nje linalomfanya mteja atoe pochi. Ukilegeza, sigara inawaka kama gazeti. Ukibana, haivuti, na mteja ananyonya mpaka mashavu yanakutana. Asubuhi Bi Zoraida akitusomea habari, mkono wangu hauna lawama. Taarifa ya mavuno ya viazi haijawahi kumfanya mtu abane chochote. Lakini mchana anafungua riwaya ya Leocadia, yule mjane aliyeachiwa kinu cha sukari, na shemeji yake mwovu, Don Saturnino, anayekitaka kinu hicho kwa udi na uvumba. Don Saturnino akianza kupanda ngazi usiku, nabana. Sijui kama nabana, lakini nabana.

Wiki iliyopita Arencibia alinijia na sigara yangu mdomoni, macho yamemtoka. "Mzee Nemesio," akasema mbele za watu, "hii umeisokota au umeinyonga?"

"Nilikuwa namnyonga Don Saturnino," nikamjibu. Nilisema kweli tupu. Ukumbi mzima uligonga visu mezani kunishangilia, na hilo halikunisaidia.

2. Kushoto na kulia. Joho hukatwa pande mbili za mshipa, na kila upande una mwelekeo wake wa kuzungushwa. Hata mwanagenzi wa juzi analijua hilo. Siku Leocadia alipopokea barua yenye lakiri nyeusi, Bi Zoraida alinyamaza, akanywa maji, akafunua ukurasa polepole. Wakati wa maji yale mimi nilikuwa nimeshika jani la kushoto, nikalizungusha kama la kulia, na nikafanya hivyo mpaka glasi ikaisha. Sigara zile zilimfumukia Arencibia mikononi kama bandeji ya mgonjwa. Naomba izingatiwe kwamba maji hayo hayamo kitabuni. Aliyaongeza yeye.

3. Kahawa. Don Saturnino alipotia sumu kwenye kahawa ya Leocadia, ukumbi mzima uliacha kunywa kahawa ya kiwanda. Mpishi alilia. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilirudi nyumbani, mke wangu Migdalia akanimiminia kikombe, nami nikakinusa.

"Unanusa nini?"

"Nanusa tu."

"Nemesio, miaka yote hii nakupikia, leo ndiyo umekuwa mjane wa kinu cha sukari? Haya, kesho jipikie!" Na kweli nikajipikia. Wali wangu ulikuwa na mawe, maharage yalikuwa mabichi. Baadaye tulipatana, lakini kwa sharti kwamba kila jioni nimsimulie sura ya siku hiyo neno kwa neno, na nikisahau mahali ananirudishia sahani jikoni. Sasa, ndugu yangu, mtu anayesikiliza ili akasimulie, anasokota kwa akili gani?

4. Msiba. Hili utalikumbuka kwa sababu ulituma salamu za rambirambi bila kuuliza ni nani aliyefariki. Alikuwa Kapteni Baldomero, mchumba wa Leocadia, aliyezama baharini katika sura ya tisa. Rigoberto Pozo, wa meza jirani, alifunga kitambaa cheusi mkononi. Tulichangishana shada la maua, tukaliegemeza kwenye jukwaa, tukasimama kimya. Sigara za siku ile zilitoka zimejikunja kichwani, kana kwamba nazo zimeinama. Kisha katika sura ya kumi na mbili Kapteni akaibuka, mzima, na ndevu. Nusu ya ukumbi ilimshangilia, nusu ilidai irudishiwe maua yake. Rigoberto hadi leo hamsemeshi Kapteni. Namaanisha akitajwa, anageuka dirishani.

5. Arencibia mwenyewe. Mtu huyu anayenikaripia ameanza kutambua sura za riwaya kwa kuvuta. Anavuta sigara, anafumba macho, anasema, "Hii ya mazishi," au "Hii ya kwenye bustani, wamepeana mikono." Hakosei. Nakuuliza, Ndugu Msimamizi, mkaguzi anajuaje ya bustanini ikiwa saa hizo anatakiwa kuwa ghalani? Nimemwona nyuma ya nguzo. Anajifuta macho kwa jani la kifungio, tena lile la daraja la kwanza.

Huenda utasema, basi asome kitu kisicho na hatari. Tulijaribu. Kwa pendekezo langu mwenyewe, lililopitishwa kwa kugonga visu, Bi Zoraida aliacha riwaya siku nzima akatusomea kijitabu cha kiwanda kuhusu majani na utaratibu wa tumbaku, kitu kikavu kuliko banda la kuanikia. Alianza na jani la chini, jepesi, linalosaidia moto. Akaja la kati, lenye harufu. Akafika jani la juu kabisa, linalopigwa na jua kuliko yote, linaloiva mwisho, kali, zito, gumu kuwaka, na ambalo kwa sababu hiyo hufichwa katikati ya sigara, mahali asipoliona mtu. Alilisema hilo kwa sauti ya chini. Rigoberto akapenga kamasi.

Kisha akasoma jinsi majani yanavyotungwa kwa uzi mawili mawili, mgongo kwa mgongo, yakapachikwa juu ya mti, yakabaki bandani pamoja mpaka yote mawili yageuke kahawia.

"Na likianguka moja?" Rigoberto akauliza.

"Kijitabu hakisemi," akajibu Bi Zoraida, akakifunga.

Hakuna aliyesokota tena sigara ya maana siku hiyo. Migdalia nilipomsimulia aliondoka mezani akaenda kusimama uani, na aliporudi aliniongezea nyama.

Kwa hiyo umeona. Mwenye makosa hayuko kitabuni. Ukimpa riwaya anatuua, ukimpa kijitabu anatuua, na nina hakika ukimpa orodha ya vipuri vya trekta tutavalia trekta vitambaa vyeusi. Hakuna dawa isipokuwa kumwondoa yeye mwenyewe, koo na glasi ya maji, ili mzee mmoja abaki na meza yake ya dirishani na heshima yake.

Nisalimie mkeo, mama mkweo na yule mbwa wenu anayechechemea. Salamu kwa mpishi, mwambie kahawa tumeisamehe. Arencibia msalimie pia, ingawa hastahili. Na Bi Zoraida, utakapokuwa unampa barua ya kuachishwa kazi, msalimie sana, umuulize kwa niaba yangu kama Leocadia ataufungua ule mlango uliokuwa ukigongwa, kwani sura ya Ijumaa ilituachia hapo na leo tumesomewa gazeti tu.

Wako mtiifu katika kazi,
Nemesio Bofill.

Tanbihi. Leo ni Alhamisi. Barua hii bado ninayo mfukoni, kwa sababu tangu Jumanne Bi Zoraida hakuja. Koo limevimba, daktari amemkataza kusema hata neno. Rigoberto alijitolea kusoma badala yake. Hakumaliza sentensi ya pili, visu vyote vikatupwa sakafuni, na cha kwanza kilikuwa changu.

Tangu hapo ni kimya. Kinachosikika ni visu vikikata na mtu akikohoa. Mkono wangu umerudi. Sigara zangu zimetoka zimenyooka, zinavuta, joho halina hata kikunyanzi. Arencibia amezipima zote, akanikumbatia. "Hizi ndizo zako, Mzee Nemesio! Meza ya dirishani ni yako mpaka ustaafu." Nilimshukuru. Kisha nilizitazama zilivyopangwa sandukuni na sikukumbuka hata moja niliisokota lini. Nyumbani sikuwa na la kusimulia. Tulikula tukiangaliana, Migdalia akaniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo.

Jana Migdalia alimpelekea Bi Zoraida asali na ndimu. Alimkuta amekaa kitandani na riwaya mapajani, midomo ikicheza bila sauti. Anafanya mazoezi ya ile sura ya mlango.

Naomba basi barua hii uichane, nami nisingekuletea kama ningekuwa na karatasi nyingine ya kuandikia ombi jipya. Ombi langu jipya ni hili tu. Mwambie Arencibia nimekataa meza ya dirishani, ampe Rigoberto. Mimi Bi Zoraida akirudi nitabana tu, najijua. Nihamishieni meza ya vidogo kuanzia Jumatatu. Nimekwenda kuiangalia: kiti kimelegea mguu, mwanga ni hafifu, na wanagenzi wananuka vitunguu. Lakini iko chini ya jukwaa kabisa, na daktari amesema sauti yake itachukua muda kurudi. Pale, hata akinong'ona, nitasikia.