Kiti cha Kinyanjui na Kisanduku cha Mizani

Jumatatu, 13 Oktoba 2008

Kisanduku kimefika kutoka Nairobi. Cheusi, kidogo, tundu la waya wa mizani upande mmoja, tundu la netiweki upande wa pili. Kazi yake ni kutoa uzito wa mahindi ghalani na kuupeleka kwenye kompyuta za ofisi, nisiwe tena mtu wa kutembea na vikaratasi. Bosi wetu, Mama Selpha, alisema atakayekiwezesha kufanya kazi atapewa kiti cha fundi. Kiti ni cha Kinyanjui. Nyumba yake ya Yamumbi ilichomwa Januari, kwenye ghasia za uchaguzi, akahamia Nakuru na familia. Pole yake. Lakini kiti kinazunguka, na mimi hupima mahindi nikiwa nimesimama.

Bosi aliniagiza nimpigie Kinyanjui anielekeze. Nilitoka nje, nikala ndizi, nikarudi kusema simu yake haipatikani.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimesoma maelezo. Umeme volti kumi na mbili, sawa. Kasi ya mizani 9600, nimeweka. Kisha kinataka anwani ya IP, yaani namba ya kutambulisha kila mashine kwenye netiweki, kila moja na yake. Mwanzo wa anwani unafanana kwa zote; namba ya mwisho unachagua mwenyewe. Nanzala wa uhasibu, ambaye hakuna aliyemwuliza, alisema niangalie kwanza ipi haina mwenyewe. Wivu tu. Nimeweka 1. Mashine iliyonisumbua hivi haiwezi kuwa ya kumi na saba.

Jumatano, 15 Oktoba

Ofisi nzima haina intaneti. Printa imegoma. Malori ya mahindi kutoka Sugoi yamepanga foleni hadi barabarani, na madereva wanauliza mkubwa ni nani. Nilimwambia Mama Selpha kosa ni la kampuni ya intaneti. Akaipigia. Wakasema kwao ni shwari. Nikamwambia ndivyo wanavyosema siku zote.

Mchana Nanzala alimpigia Kinyanjui. Alipokea mara moja. Alisema amengoja simu ya mtu yeyote wa Eldoret tangu Januari, na hakuna aliyepiga. Nanzala alilia kidogo, mbele ya wateja. Kisha akaelekezwa: 1 ni ya ruta, ambayo mashine zote hupitia kutoka nje; achague kati ya 2 na 254. Akaweka 40. Uzito ukatokea kwenye kompyuta palepale. Mama Selpha aliniuliza, kwa upole ulionitisha, mbona mimi nilimkosa. Nilisema mtandao wa simu hapa ni wa kubahatisha.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kinyanjui amekuja; Mama Selpha amemrudishia kiti. Amekonda. Alishika mgongo wa kiti kwa muda kabla ya kukaa. Alinisalimia kwa mikono miwili, akasema amesikia nilijitahidi. Sikulipenda hilo neno.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimehamishiwa ghala la Kesses, pamoja na kisanduku cha pili. Mama Selpha amesema hiki kikinishinda nisirudi kazini. Kinyanjui amenikumbusha: kati ya 2 na 254, na nikikwama nimpigie saa yoyote. Nimeuona mchezo wake. Anataka isemwe ni yeye. Nimeweka 255, kubwa kuliko zote, na hapa hakuna aliyeichukua, nimeuliza kwanza.

Kimekataa mara tatu. Wameniletea kibovu.

Simu inaita. Ni Kinyanjui. Nimeizima.