Machela ya Bonaventura

Kabla ya mapambazuko, mwiko ulikwaruza sufuria jikoni kwa bibi Odeta, kule Keza. Bonaventura, mgeni aliyelala chumba cha mbele, akatega sikio. Alisikia mwiko huo, kisha mwiko wa jirani, lakini hakusikia kikohozi cha mwanamume hata mmoja. Wanaume wa kijiji walikuwa vitani. Yeye aliachwa kwa sababu ya mguu wake mbovu, mguu uliochechemea mbele ya viongozi tu.

Akajiuliza: mtu akiugua hapa, nani atambeba hadi hospitali? Alipomaliza uji wa bure, jibu alikuwa nalo.

Wiki hiyo akaanzisha Bima ya Machela. Kila kaya ilete kuku na maharage, na mwenye kuugua atabebwa juujuu kama askofu. Machela yenyewe aliitengeneza vizuri, kwa mianzi na shuka jeupe. Wabebaji, alisema, wako njiani kutoka Biharamulo. Huko njiani wakabaki.

Rozalia, jirani, akapata homa. Bonaventura alimwendea kwa huzuni kubwa, akamweleza kwamba bima haihusu homa zinazoanza Jumapili. Rozalia akapona kwa supu ya majirani. Kisha ikawa zamu ya Zita, mkwe wa Odeta, ambaye mumewe alikuwa vitani. Siku zake zilikaribia, na mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, asizaliwe nyumbani.

"Mimba si ugonjwa, bibi," Bonaventura akamwambia Odeta. "Halafu ilikuwepo kabla hajajiunga. Sheria imenifunga mikono."

"Sheria aliitunga nani?" akauliza Rozalia.

"Mimi. Ndiyo maana inaniuma."

Wanawake wakashika majembe, na hawakuwa wanakwenda shambani. Odeta akawasihi wayaweke chini. Alikuwa ameona mambo mawili kwa kijana huyu: siku moja alimtekea maji bila kuombwa, na siku nyingine alimkimbiza kuku aliyetoroka bila kuchechemea hata kidogo.

Jioni bibi akamwambia kwamba watu wa Kibimba, karibu na hospitali, wanataka kujiunga, kila kaya na mbuzi wake. Ila kwanza waone mgonjwa akibebwa. Yeye Odeta, mkavu kama kuni, angejifanya mgonjwa. Mbuzi wa kijiji kizima walitosha kuponya mguu wowote. Bonaventura akasema atabeba mbele mwenyewe, Rozalia ashike nyuma.

Alfajiri alikuta mgonjwa ameshalazwa, amefunikwa blanketi gubigubi.

"Shikamoo, bibi."

Blanketi halikujibu. Rozalia akasema bibi anaona baridi.

Mlima wa kwanza, Bonaventura alilalamika kwamba bibi amekula mawe. Mlima wa pili, blanketi likaguna.

"Vizuri sana, bibi. Tukifika mbele ya watu uongeze kidogo."

Mlima wa tatu, likapiga yowe.

"Usizidishe. Tutaonekana waongo."

Huku nyuma Rozalia aliuma upindo wa kanga yake asicheke.

Kwenye lango la hospitali alisimama mwanamke mkavu kama kuni, mkononi ana kibuyu cha uji. Bonaventura akamtazama Odeta, akalitazama blanketi. Likafunuka. Zita, jasho likimtiririka, akasema, "Asante, kaka."

Wauguzi wakampokea mbio. Bonaventura akakaa chini.

"Na mbuzi, bibi?"

"Hakuna mbuzi, mwanangu. Kunywa uji."

Mchana mtoto akalia, wa kike. Habari nyingine ikaja kutoka Keza: Kalista, jirani mwingine, alikuwa amefungua chumba cha mgeni walimofungiwa kuku wa bima, na kila kuku akarudi kwao kwa miguu yake. Bonaventura alitaka kukasirika, lakini Zita alikuwa anamwita aje amshike mtoto. Akaenda upesi, akasahau kuchechemea.

Alipoaga, Odeta alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Uje tena kututembelea, mwanangu. Usichelewe. Kalista atajifungua mwezi ujao, na mguu wako sasa wote tumeuona."