Kapteni wa Ukurasa wa Tatu

Jumatatu, 2 Juni

Kikao cha ukoo leo, sebuleni kwa Bibi Basilisa. Cha kwanza: sherehe yake ya miaka tisini. Cha pili: jambo ambalo hakuna aliyetaka kulitaja, mpaka Mjomba Crisanto, aliyekuja kutoka Kanada, akalitaja. Sherehe ikiisha anamchukua Bibi wakaishi Vancouver. Nyumba itafungwa. Shangazi wawili wakalia. Bibi akauliza kama huko kuna samaki wakavu. Mjomba akasema wapo, ila ukiwakaanga majirani wanagonga mlango kulalamikia harufu. 

Hapo nikapata wazo. Nikasimama, nikasema Bibi hawezi kwenda ng'ambo mikono mitupu. Abebe kitabu cha ukoo, chenye picha zetu na habari zetu zote, awe anakishika akitukumbuka. Makofi. Kabla hayajaisha, binamu yangu Florenda, mwalimu mstaafu, akasema ni wazo zuri sana, na kwamba yeye alishaanza kukiandika miaka mitatu iliyopita.

Miaka mitatu, na kimya. Mtu wa namna gani huyo?

Mjomba akaamua kila mmoja alete chake, Bibi achague mwenyewe. Sanduku lake lina nafasi ya kitabu kimoja tu.

Namwonea huruma Florenda.

Jumatano, 4 Juni

Nimezunguka nyumba za ndugu kukusanya kumbukumbu za kupiga picha. Kinanda cha mdomo cha marehemu Babu Serapio. Shela ya Shangazi Rosalina. Gauni la ubatizo tulilovaa sote, kuanzia Mjomba Crisanto hadi wajukuu wa juzi.

Gauni lilikuwa limekunjamana. Nikalipiga pasi. Sasa lina alama ya pasi kifuani, ya kahawia, yenye ncha. Mke wangu Nimfa alilitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama najua ni watu wangapi wamebatizwa ndani ya kitambaa kile. Nikamweleza kwamba alama inalizidishia uzee, na uzee ndiyo thamani ya kitu cha kumbukumbu. Akatoka nje kuanua nguo.

Nasikia Florenda yeye hukaa na wazee kutwa nzima anawasikiliza. Kupoteza muda. Wazee husahau. Mimi nitawasaidia kukumbuka.

Jumamosi, 7 Juni

Tatizo: ukurasa wa tatu. Hapo anatakiwa kukaa baba yake Babu Serapio, mzee Anastacio. Hana picha, nyumba yao iliungua wakati wa vita. Kazi yake, kwa mujibu wa shangazi zangu, ilikuwa kukodisha nyati wake wa kufugwa kulimia mashamba ya watu. Huwezi kufungua kitabu cha ukoo kwa nyati wa kukodisha.

Nikaenda mjini Iloilo, kwenye duka la vitu vikuukuu nyuma ya soko. Nikamkuta ukutani ananisubiri. Picha kubwa, fremu ya duara. Suti nyeupe, masharubu yaliyochongwa, kifua mbele. Muuzaji hamjui. Picha ilitoka katika nyumba moja iliyoingiliwa na mafuriko.

Mimi namjua. Ni Kapteni Anastacio, aliyeongoza wapiganaji msituni. Nimeandika maisha yake leo mchana kwa mkupuo mmoja. Amejeruhiwa mara mbili, begani na pajani. Nyati nimembakiza, ila sasa anabeba silaha.

Nimfa akasoma, akasema, "Kapteni wa wapi huyu? Na mbona hafanani na yeyote kati yenu?"

Nikasema tumechakaa kwa kazi.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa Florenda kupeleleza. Nilipita nyuma, nikachungulia dirisha la jikoni. Akasema bila kugeuka, "Teryo, mlango uko upande wa pili." Kisha akanipa kahawa na keki ya mchele.

Nimekiona kitabu chake. Chembamba, jalada la karatasi ya kaki, maneno matupu. Picha ndogondogo kama za kitambulisho. Nilitamani kumkumbatia.

Akaniuliza kama najua Bibi na Babu walivyooana. Nikamjibu bila shaka: kanisani, kwa baraka za wazazi wa pande zote, ukurasa wa tisa. Akasema habari hiyo kila mtu anaisimulia, lakini Bibi mwenyewe, kila akimuuliza, anaanza kuzungumzia bei ya mchele. Amemuuliza mara nyingi. Anahisi kuna kitu, na anaogopa kitapanda ndege pamoja na Bibi kisirudi tena.

Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani ni moshi.

Ijumaa, 13 Juni

Kitabu kimetoka kwa mpiga chapa. Jalada jekundu, herufi za dhahabu, kizito kama tofali. Kapteni amejaa ukurasa mzima.

Kasoro ndogo: jina la Shangazi Rosalina limeangukia chini ya picha ya nguruwe wetu aliyepata zawadi kwenye maonyesho. Nimfa anataka nirudishe kitabu kirekebishwe. Nimemwambia hakuna anayesoma maandishi ya chini ya picha.

Jumapili, 15 Juni

Sherehe. Naandika nikiwa nimetulia kabisa.

Mvua ilinyesha asubuhi, kisha jua. Ukoo mzima uani, fulana za njano zenye uso wa Bibi. Nguruwe wa kuchoma wawili. Shangazi Rosalina hakunisalimia, kumbe alikuwa ameshapata nafasi ya kupekua kitabu.

Baada ya kula, Mjomba Crisanto akazima karaoke na kuita vitabu. Florenda akampa Bibi chake, akabusu mkono wake, akakaa. Hotuba hakuna. Mimi nilikuwa nayo. Nilipofika kwa Kapteni, nikafungua ukurasa wa tatu, nikauinua juu watu waone, nikauweka mapajani kwa Bibi.

Bibi alifanyiwa upasuaji wa macho mwaka jana. Anaona vizuri kuliko mimi. Akaisogeza picha. Akaigeuza kwenye mwanga. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia kwa ushujaa wa Kapteni. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka meno ya bandia yakamtoka, Nimfa akayadaka.

"Hermogenes," akasema. "Huyu ni Hermogenes, mtoto wa mwenye kinu cha mpunga. Umemtoa wapi huyu, mjukuu wangu?"

Nikasema Bibi amechanganya, huyu ni baba mkwe wake.

"Baba mkwe wangu alikuwa hana hata viatu, atoe wapi suti? Hii suti naijua. Ilishonwa ya harusi."

Mjomba akauliza harusi ya nani.

"Yangu," akasema Bibi.

  Bibi akavaa meno yake taratibu, akaanza. Alikuwa na miaka kumi na minane. Wazazi walishakubali, ng'ombe keshafungwa kwenye mti, wageni wako njiani. Lakini kulikuwa na kijana wa nyati, Serapio, aliyekuwa akipita na jembe begani akipiga kinanda chake cha mdomo vibaya mno. Siku moja kabla ya harusi mvua ilimwagika. Bibi akatoka kwa mlango wa jikoni, akapanda gari la nyati la Serapio, wakaenda mpaka wilaya ya pili. Baba yake hakumsemesha miaka sita. Hiyo ya kanisani na baraka waliitunga baadaye, watoto walipoanza kuuliza.

"Serapio aliona haya," akasema. "Alisema watoto wasijue kwamba mama yao alikimbia. Nikamwambia, sikukimbia. Nilikwenda."

Akamtuma shangazi mmoja ndani, chini ya godoro lake. Shangazi akarudi na foronya, imekuwa rangi ya chai, imetariziwa herufi B pembeni. Ndiyo mzigo pekee aliotoka nao siku ile. Foronya ikapita mkono hadi mkono. Mjomba Crisanto, mtu mzima, ana mvi, akaishika puani na hakutaka kuitoa. Akasema, "Mama, mbona hukutuambia?" Bibi akasema hakuna aliyewahi kumwonyesha Hermogenes.

Florenda alikuwa ameshapiga magoti pembeni ya kiti, anaandika, machozi yanadondokea karatasi.

Kwa kifupi, kitabu changu kilikuwa gumzo la siku nzima.

Alhamisi, 19 Juni

Bibi ameondoka. Magari manne mpaka uwanja wa ndege. Kabla ya kufunga sanduku, Mjomba akamuuliza anabeba kipi.

Akaketi kitandani, vitabu viwili mapajani. Akamrudishia Florenda cha kaki. Akamwambia, "Hiki kibaki. Yaliyomo humu ninayo kichwani, hayahitaji karatasi. Wasomee watoto watakaozaliwa sipo. Waambie nilikwenda."  Florenda akakikumbatia kile kitabu, akalia kwa sauti, na Bibi akawa anampapasa kichwa kama mtoto.

Kushindwa kunauma. Nilitazama pembeni, kwa heshima.

Kisha Bibi akaweka changu ndani ya sanduku, juu ya foronya. Akaniambia huko kwenye baridi atahitaji kitu cha kumchekesha. Akanishika shavu, mkono wake mkavu na mwepesi sana. Akasema, "Teryo, usibadilike."

Nimemwahidi.  Njia nzima ya kurudi Nimfa alinishika mkono, na hakusema neno juu ya Kapteni. Dirisha la Bibi lilikuwa limefungwa tulipopita.

Jumatatu, 23 Juni

Habari njema. Amefika nyumbani kwangu bwana mmoja, Amado, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kumbe ni mjukuu wa Hermogenes. Amesikia habari mjini, ameifuata picha ya babu yake. Nimempa, pamoja na fremu. Akashukuru sana. Nami nikamweleza kwamba mtu kama yule anastahili kitabu.

Amekubali. Shida yake ni moja: mafuriko yalichukua picha zote za bibi yake, yule mwanamke aliyeolewa na Hermogenes baadaye. Hakuna hata moja iliyobaki. Ukoo mzima unasikitika kwamba hawatauona tena uso wake.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Katika albamu yetu kuna picha ya msichana wa wakati uleule, mzuri, nywele ndefu, macho makali kidogo. Nimeipima dhidi ya Hermogenes, wanapendezana ajabu, utadhani waliumbiwa kukaa ukurasa mmoja. Nimfa ameiona mezani na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimerukwa na akili. Sioni tatizo liko wapi. Nani atamtambua? Mwenyewe yuko Vancouver.