Kiprono Hukimbia Kila Asubuhi

Jumatatu, 6 Oktoba

Mansour amekuja kutoka Houston kupiga filamu! Moraa, ninayeishi naye hapa Carrollton, ameniletea habari akitoka zamu ya hospitali. Filamu yenyewe ni ya wanaume wawili wanaopendana katika nyumba ya kupanga mtaa wa Vickery Meadow. Mmoja wa Mombasa, mmoja Mkalenjin. Yaani yeye na mimi! Miaka minne tuliishi pale, treni ikipita vikombe vinatetemeka. Alipopata kazi Houston aliniuliza kama nina la kumwambia. Nikamwambia najua mahali pa kupata maboksi ya kufungia vyombo. Tangu hapo sijapika chai ikanoga.

Moraa anasema nimpigie simu tu, niseme nimemkumbuka. Rahisi hivyo! Mwanamume ana heshima zake. Nitabuni njia.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda wanapopigia filamu kama mshauri wa utamaduni. Nimejiteua mwenyewe. Moraa aliuliza kama nime-apply ama najipeleka tu. Wivu.

Mansour ana mvi kidogo. Zimempendeza, na inaniuma. Akanipa mswada nisome. Balaa! Kiprono, ambaye ni mimi, anakimbia. Kila asubuhi! Nikasimama mbele ya watu wote: hatimaye Mkalenjin anapendwa kwenye sinema, na bado mnamkimbiza? Hatuna haki ya kuketi kama makabila mengine? Walinipigia makofi. Mansour akauliza kwa upole, kwani Kimutai, si wewe ulikuwa ukikimbia kila asubuhi?

Siku tuliyokutana nilimwambia mimi ni mwanariadha. Alikuwa mzuri mno, ningesema nini? Basi miaka minne nikatoka alfajiri na viatu vya michezo, nikaenda kuketi duka la donati mtaa wa pili. Nikirudi namkuta dirishani na chai ya tangawizi. Ah, chai ile!

Jumatano, 8 Oktoba

Anayeigiza Kiprono ni Lenny, mzaliwa wa Houston, wazazi wake Wakongomani. Kijana mzuri, adabu tele. Lazima aondoke. Nimemwambia Mansour kwamba uwakilishi wa kweli unataka Mkalenjin wa kweli, na kwamba ninajua mmoja asiye na kazi Alhamisi. Akakubali! Kesho nijaribiwe.

Jaribio ni kukimbia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilianza vizuri. Nikafika kwenye mapipa ya taka, si mbali, nikalala chini. Lenny akanipepea kwa mswada, akiuliza, “Uncle, uko okay?” Sikuwa okay.

Mansour akaja akaketi kando yangu na chai. Akasema alijua tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa narudi na sukari kwenye masharubu. Nikamuuliza kwa hasira, basi mbio za nini kwenye filamu? Akasema alipenda kunisubiri dirishani, na nisipotoka atanisubirije. Kisha akatazama pembeni. Akasema Jumapili anarudi Houston, na kama nina la kumwambia, anasikiliza.

Neno lilikuwa hapa, mdomoni! Nikamwambia chai imepungua tangawizi.

Jumapili, 12 Oktoba

Ameondoka. Nimelia jikoni, Moraa akanisugua mgongo bila kusema nilikuambia. Kisha akasema nilikuambia. Simu ile pale, Kimutai, mpigie.

La! Nina mpango bora. Nimemtumia ujumbe kwamba Januari nitakimbia marathoni huko Houston, hivyo nitakuwa napita pita mtaani kwake. Jibu likaja kabla sijaweka simu chini: atakuwa dirishani.

Mazoezi nimeanza leo hii. Nimevaa viatu vipya, nikaendesha gari mpaka Vickery Meadow. Dirisha letu lina mapazia ya watu wengine. Treni ikapita, nikasikiliza vikombe. Donati za duka lile bado tamu vilevile.