Filamu Yangu Imeruhusiwa kwa Wote

Jumanne, 2 Julai 2024. Njombe.

Balaa! Jibu la Bodi ya Filamu limefika. Filamu yangu, Machozi ya Parachichi, miaka mitatu ya jasho, imepewa daraja la KWA WOTE. Kwa wote! Hata mtoto wa chekechea anaruhusiwa, akiwa mgongoni kwa bibi yake. Nimesoma barua mara nne nikitafuta neno kali. Hakuna. Wameandika kwamba filamu inafundisha kupenda ardhi na familia. Nimetukanwa kwa mhuri.

Remmy wa Makambako, mwenye ukumbi wa video karibu na stendi na mtayarishaji mwenzangu kwa jina tu, mwaka jana filamu yake Shoka la Shemeji ilipewa 18, watu wazima tu. Kwenye bango namba hiyo ni kubwa kuliko jina la filamu, na ni nyekundu. Madereva wa malori walijaa hadi madirishani. Leo kanipigia simu kunipongeza. Kasema atanitafutia nafasi Jumamosi asubuhi, baada ya katuni. Nimemkatia simu.

Mke wangu Teodora amefurahi. Hajui biashara. Hapohapo kampigia mama yake kule Uwemba, maana nusu ya filamu niliipiga uani kwa Mama Germana, kwenye miparachichi yake, na mwenyewe anaonekana akipita na beseni la mahindi, anacheka. Siku hizi mama ana ugonjwa wa moyo mkubwa na miguu imevimba. Amesema kama ni ya wote, basi ipelekwe ukumbi wa parokia Jumapili, aitazame na jumuiya yake yote. Anataka kujiona kabla hajafa. Nimesema tutaona.

Tutaona nini! Filamu ikianzia parokiani imekwisha. Dereva gani wa lori atatazama kitu kilichokwisha kutazamwa na masista?

Alhamisi, 4 Julai.

Nimekwenda kukata rufaa. Nilivaa koti la harusi. Bi Fidelia, Afisa Utamaduni, ambaye kamati yake ndiyo hutazama filamu za huku kabla hazijaenda juu, alinikaribisha kwa upole kama nesi. Akaniambia nisikate tamaa, akauliza ni tukio gani limekatwa. Nikamwambia hakuna lililokatwa. Nataka daraja lipandishwe.

Akavua miwani. Akasema miaka kumi na moja amepokea watu wanaolia washushiwe, wa kupandishiwa hajamwona. Akataka kujua ni kipi humo kinachoweza kumdhuru mtoto. Nikamtajia mti unavyokatwa. Akasema watoto wa Njombe wamezaliwa juu ya mbao.

Akanieleza bila hasira kwamba daraja si zawadi wala adhabu. Ni kumwambia mzazi kilichomo ndani kabla hajaingia na mwanawe. Nikibadilisha hata dakika moja niilete upya, na hiyo mpya isioneshwe popote kabla ya kibali. Hii ya kwa wote naweza kuionesha hata leo. Nikauliza, kwa kujifunza tu, ni mambo gani hupandisha daraja. Akataja: damu, ukatili, maiti, vitisho. Niliandika kiganjani. Mama wa watu kanifungulia mlango na hajui.

Jumamosi, 6 Julai.

Tumepiga tukio jipya la mauaji, pembeni ya shamba la misindano. Damu: rozela iliyochemshwa na unga wa ngano. Marehemu: Odilo, fundi baiskeli, mtu mwenye uso wa huzuni kwa asili. Lakini Njombe mwezi wa saba! Umande umeganda kwenye majani. Odilo alikatwa panga vizuri, akaanguka vizuri, akafa vizuri, kisha akaanza kutoa mvuke puani kama sufuria ya viazi. Nikamwamuru asipumue. Akajitahidi mpaka akakohoa. Tumerudia mara tisa. Mara ya kumi alikuja mbwa kulamba damu. Odilo akasimama, akasema kwa Kibena neno ambalo sitaliandika humu, akaenda zake kuota moto.

Maiti za mkoa huu zinapumua. Ndilo tatizo la kufanya kazi na baridi.

Teodora kaniita Baba Devota kwa sauti ile ya kuomba, akauliza naongeza nini wakati filamu imeruhusiwa. Mama amekwisha kupanga viti. Nimemjibu filamu bado iko mikononi mwa Bodi. Si uongo kamili. Itakuwa huko karibuni.

Jumanne, 9 Julai. Makambako.

Nimekuja kwa Remmy kujifunza. Nakiri, jamaa ana akili. Ameweka mzee mlangoni anayekagua vitambulisho kwa tochi mchana kweupe. Kila kijana anayerudishwa, watu wazima watatu wanajiunga na foleni. Namba ile inafanya kazi kuliko waigizaji. Kaahidi kwamba nikipata 18 atanipa Jumamosi jioni. Tumeshikana mikono.

Nilikaa nikatazama Shoka la Shemeji mara mbili. Simu huzimwa ukumbini. Ni sheria ya Remmy. Shoka lenyewe ni la plastiki.

Jumatano, 10 Julai.

Mama Germana amefariki leo saa nne asubuhi, hospitali, alikokimbizwa jana.

Teodora alikuwa naye. Anasema jana mchana mama aliuliza tena habari za filamu. Nesi mmoja akasema ana simu yenye kioo kikubwa, mkwe aitume tu, mama ataitazama kitandani. Teodora akanipigia mara saba.

Nilimpenda yule mama. Alinipa binti yake wakati ndugu zangu wenyewe walimshauri akatae.

Ijumaa, 12 Julai. Uwemba.

Tumezika. Faustine, kaka yake Teodora, aliniomba nipige video kwa ajili ya ndugu wa Dar na Songea ambao hawakuwahi. Siku hizi kila msiba una mtu wa kamera. Asipokuwepo ndipo watu huuliza. Nilikubali kwa moyo mweupe. Naandika hivi kwa kuwa ni kweli. Moyo mweupe, mpaka kama saa saba mchana.

Katika ukoo huu mkwe hasogelei jeneza la mama mkwe. Husimama mbali na watu wa upande wake, macho chini. Lakini nimegundua kwamba mwenye kamera hana ukwe. Watu walinipisha wenyewe. Faustine alinishikia kiti nipande. Wakati wa kuaga nikavuta picha karibu, uso wa mama ukajaa kioo kizima. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabega ya watu. Wote waliomzunguka walikuwa wanatoa mvuke midomoni. Yeye hatoi.

Kisha Teodora akajitupa juu yake. Sauti ile sijapata kuisikia katika miaka kumi na tisa ya ndoa. Alikuwa anamwambia mama aamke, viti vimepangwa. Nikalia. Nililia kwelikweli hadi lenzi ikaloa. Nikaifuta, nikarekebisha mwanga.

Baadaye wazee walinishukuru. Faustine alisema leo shemeji nimekuwa mtoto wa nyumba hii. Teodora alinishika mkono njia nzima ya kurudi, jambo ambalo hajalifanya tangu Devota azaliwe.

Jumanne, 16 Julai. Njombe.

Nimehariri siku mbili. Odilo nimemtoa. Nimeingiza dakika sita za Uwemba. Zinatisha! Mimi mwenyewe, niliyekuwepo, nilizima mara mbili nikatoka nje kuvuta hewa.

Fomu inadai majina na sahihi za wote wanaoonekana. Teodora: mwombolezaji wa kwanza. Sahihi yake naijua, nikamwekea mwenyewe ili asisumbuliwe katika majonzi. Mama Germana: mhusika mkuu. Penye sahihi nikaandika "hayupo". Nilijiuliza kidogo kama ni dhambi. Nikaona kwamba mama alitaka kutazamwa na jumuiya nzima, na sasa atatazamwa na mikoa mitatu. Nimepeleka.

Teodora anauliza flashi ya ndugu iko wapi. Nimesema picha zinasafishwa.

Alhamisi, 25 Julai.

Kamati imekaa leo: Bi Fidelia, mchungaji, mwalimu mstaafu na askari wa kike. Nilikaa kwenye benchi la korido na kunyoosha sikio. Dakika za mwanzo mwalimu alicheka mahali pake. Kisha ukimya. Ukimya mzuri, mzito. Nikaanza kuona bango langu.

Ghafla Teodora huyo, na kanga ya msiba na kikapu cha mboga, anatoka sokoni moja kwa moja. Bi Fidelia ndiye aliyempigia aje ahakiki sahihi, maana aliona ajabu mfiwa wa juzi kutia sahihi kwa wino wa kijani na kuweka nyota pembeni. Kosa langu. Nyota huwa naziweka kwenye sahihi yangu.

Teodora akashangaa kunikuta. Akauliza kama ni ile filamu ya mama. Nikasema ndiyo. Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akaniambia ahsante, akaingia.

Mlango haukufungwa sawasawa. Wakaanza upya kwa ajili yake. Nikasikia akicheka mama alipopita na beseni. Baadaye nikasikia kilio chake kikitoka kwenye spika, kirefu, na yeye mwenyewe kimya. Mchungaji akasema zima, binti, pole, tumezima. Teodora akaomba kitu kimoja tu: wamrudishie pale kwenye beseni la mahindi. Wakamrudishia. Akaomba tena. Mara tatu.

Alipotoka alikuwa na swali moja: hiyo ya beseni iliruhusiwa tangu lini. Nikaanza kueleza kuhusu soko la Makambako. Bi Fidelia, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akajibu kwamba barua ilitoka tarehe mbili. Teodora akahesabu kwa vidole, mbili hadi kumi. Akaniambia nesi alikuwa ameshika simu mkononi. Hakupaza sauti. Akaenda stendi kupanda gari la Uwemba, kikapu akakiacha sakafuni. Nimekibeba mimi mpaka nyumbani.

Jumamosi, 27 Julai.

Uamuzi umefika. Filamu hairuhusiwi kuoneshwa popote ilivyo sasa, kwa kuwa inaonesha maiti ya mtu halisi na kilio cha wafiwa bila ridhaa yao. Nikizitoa dakika sita, daraja la zamani linabaki palepale. Bi Fidelia ameongeza kwa mkono wake kwamba suala la sahihi ametaka familia ya mke wangu isikilizwe kwanza, na kwamba ile ya zamani ingewafariji siku ya arobaini. Amekwisha kuulizia, ukumbi wa parokia uko wazi.

Mimi nimeona neno moja tu. IMEZUIWA.

Remmy kapiga simu kabla sijamaliza kukunja barua. Habari zinakwenda Makambako haraka kuliko malori. Kwa mara ya kwanza kaniita mkuu. Akauliza, kabisa? Nchi nzima? Nikasema nchi nzima. Akakiri kwamba yeye mwenyewe hajapata kufika huko. Nilijisikia mrefu. Kwa hiyo bango: MTAYARISHAJI ALIYEZUIWA, herufi nyekundu, upana wa ukuta. Filamu haioneshwi, sawa, lakini jina langu halijazuiwa. Kazi ya pili itauzika yenyewe.

Na kazi ya pili ipo! Faustine kaja asubuhi. Hakukaa, chai hakunywa, shemeji hakuniita. Kasema wazee wanakaa kesho Uwemba baada ya misa. Niende na baba mdogo na mshenga wangu, nieleze mbele ya Teodora kwa nini asibaki kwao moja kwa moja. Nibebe na picha zote, zifutwe wakiona.

Nyumba haijawashwa moto tangu Alhamisi. Nakula viazi vya baridi, nimesimama, kwa sababu nikikaa naona kiti chake. Kikapu bado kipo mezani na mboga zimeshaoza; sijaweza kuzitupa. Namtaka mke wangu. Nitapiga magoti kesho, nitalia, nitasema yote, na hakuna hata neno moja litakalokuwa la kuigiza.

Ndiyo maana lazima lipigwe. Wazee kumi na wawili, ukungu dirishani, mume amepiga magoti, hukumu! Mswada kama huo hauandikwi na binadamu. Nimechaji betri mbili. Baba mdogo atashika kamera. Nimemwelekeza akae mlangoni, mwanga uwe nyuma yake, na ikiwa nitaanguka kwa uchungu asije kuniinua. Teodora nimemtumia ujumbe mrefu wa msamaha, na mwishoni nimemkumbusha asivae nguo nyeusi kesho, inameza mwanga. Avae kile kitenge cha bluu.