Mshenga Mwenye Jino la Hekima

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeota jino. Nina miaka ishirini na minane na nimeota jino.

Nimeligundua saa nne asubuhi, kazini, nikitafuna muhogo wa kukaanga. Kitu kigumu nyuma ya gego la mwisho, chini, upande wa kulia. Nikadhani ni mfupa. Kisha nikakumbuka muhogo hauna mfupa. Nikaingia msalani, nikawasha tochi ya simu, nikapanua kinywa mbele ya kioo. Ncha nyeupe, ndogo kama punje ya mchele, inachungulia kwenye ufizi.

Nimerudi masijala lakini mafaili ya viwanja hayakupangika tena. Nimesoma mtandaoni mpaka mchana. Ni gego la tatu. Jina lake la heshima ni jino la hekima, kwa kuwa huota mtu anapofika umri wa kupata akili, miaka kumi na saba hadi ishirini na mitano hivi. Langu limechelewa kidogo. Hekima ya kweli haina haraka.

Jioni amepita Joel, mtoto wa Baba Mkubwa. Hakutaka habari za jino. Ana zake. Amepata mchumba, Vailet, wa Mzenga kule Kisarawe, na Jumapili barua ya posa inapelekwa kwao. Keshokutwa Baba Mkubwa Sebastian atachagua mshenga. Kila mtu anajua atakuwa Wilfred, mwalimu, aliyemwoa dada yake Joel. Baba Mkubwa amesema anataka mtu mwenye hekima.

Nimemuuliza Joel kama alitumia neno hilo hasa. Amesema ndiyo, hilohilo.

Mambo kama haya hayatokei wiki moja bure.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya utafiti. Nimewaomba wenzangu saba wafungue vinywa. Watatu wamekubali. Wa kwanza, mkuu wa kitengo, anayo yote manne. Wa pili hana hata moja, na wiki hii amesahau nywila ya kompyuta yake mara mbili. Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakaa sawa. Wa tatu ni Salehe, dereva, mtu ambaye ofisi nzima humwendea kwa ushauri. Yake aling'olewa yote zamani, yalikuwa yanamsumbua.

Nimemtoa Salehe kwenye utafiti.

Maswali yaliyobaki: hekima huanza jino linapochungulia, au husubiri litoke lote? Jino moja ni robo? Na kwa nini likae nyuma kabisa, mahali ambapo hata mswaki hufika kwa kubahatisha?

Ufizi unawasha. Nimekuwa nikiugusa kwa ulimi siku nzima. Siwezi kuacha.

Jumatano, 6 Agosti

Kikao kwa Baba Mkubwa, Maili Moja. Wilfred amekuja na shati jeupe na daftari. Nilisubiri watu wanywe chai, nikaomba nafasi. Nikasema mshenga anahitaji hekima, na kwamba mimi ninao ushahidi. Nikamkabidhi Baba Mkubwa tochi.

Ametazama kwa muda mrefu. Akasema anaona mchicha.

Wamecheka wote isipokuwa Wilfred. Yeye alisema, kwa sauti ile ya darasani, kwamba meno yanayoota ukubwani mara nyingi hukosa nafasi, niende nikaangaliwe. Wivu una namna nyingi za kujificha.

Aliyeniokoa ni Joel. Akasema, kwa heshima zote, posa ya mwisho aliyoipeleka shemeji ilianza na kuumbwa kwa Hawa, na alipofika kwa Sara wenyeji walikuwa wamesinzia. Ananitaka mimi, Sixtus, nasema kwa ufupi na nachekesha. Baba Mkubwa amekuna kidevu. Akaamua: mimi nitasema, Wilfred atanisindikiza na gari lake.

Wakati wa kuondoka Joel amenishika mkono, akasema maisha yake yako kinywani mwangu. Nimemwambia yako mahali salama.

Alhamisi, 7 Agosti

Kinywa kimeamka kibaya. Ufizi umevimba na kulifunika jino, halionekani tena. Kutafuna upande wa kulia haiwezekani. Nimesukutua kwa maji ya chumvi, nimeweka karafuu. Karafuu imetia ganzi ulimi, jino halikuhusika.

Nimegundua kipimo. Nikipanua kinywa natia vidole vilivyosimama, kimoja juu ya kingine. Jana viliingia vitatu. Leo viwili. Taya linagoma. Jambo la kushangaza: jino liko ndani, lakini linalokaza ni bawaba ya nje, karibu na sikio. Nani amewaunganisha hawa?

Wilfred amenikuta dukani akaniuliza mbona siongei. Nimemwandikia kwenye simu kwamba natunza sauti. Akasoma mara mbili, akanitazama shavu, akaenda zake. Asipate hata fununu. Akijua, Jumapili atamrudisha Hawa.

Ijumaa, 8 Agosti (Nane Nane)

Sikukuu, lakini maumivu hayana sikukuu. Yamefika sikioni. Nimekwenda hospitali, nikamkuta daktari wa meno wa zamu, Dokta Atupele, mwanamke mpole mwenye vidole vya chuma. Amepiga picha ya taya akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta.

Sikutegemea. Jino langu halijasimama. Limelala chali ndani ya mfupa kama mtu aliyejinyoosha kwenye kochi, na kichwa chake kinamsukuma jirani. Ameniambia halina pa kutokea, taya limejaa. Ile ncha iliyochungulia imefunikwa na kipande cha ufizi, chini yake chakula kinajificha na kuoza, usaha unaanza. Likiachwa, hata gego la jirani litatoboka. Atasafisha leo, atanipa vidonge vya siku tano, Jumanne nirudi ling'olewe.

Nimemuuliza kama likitoka litatoka na kila kitu.

Akauliza kila kitu kipi.

Nikamweleza habari za jina lake. Aliweka chini kifaa chake kwanza.

"Hekima haina mizizi, kaka yangu," akasema. "Hili lina mizizi miwili, na yote imepinda."

Amesafisha. Siandiki nilivyolia. Kisha akasisitiza mambo mawili. Vidonge nivimalize hata nikijisikia nafuu. Na nikiona uvimbe unashuka shingoni, au kumeza kunakuwa kugumu, nisisubiri hata saa moja. Nimeitikia yote kwa kichwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nafuu kubwa. Vidole vitatu kasoro. Vidonge vinaacha ladha ya msumari mdomoni, na mshenga hawezi kusema maneno matamu kwa ladha ya msumari. Nimeviacha. Vilivyobaki nimevitunza, yapo meno mengine matatu yanayokuja.

Mazoezi ya hotuba mchana kutwa. Nimetunga hivi: katika bustani yenu tumeona ua zuri, mlilolitunza miaka ishirini na minne, tunaomba mturuhusu tulichukue. Fupi, ina harufu nzuri. Nitaanza kwa kujitambulisha na kazi yangu, ili wajue Joel anatoka kwenye ukoo wa watu wa ofisi.

Nimejizawadia korosho za kukaanga. Nimetafuna pande zote mbili, kwa sababu nimepona.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika kitandani hospitali, mkono wa kushoto una sindano ya dripu. Herufi zinisamehe.

Nimeamka kinywa kinaingia kidole kimoja. Shavu limejaa kama nimeficha ndimu. Homa. Nilipaswa kumpigia Joel. Simu nilikuwa nayo mkononi. Nikavaa barakoa. Wilfred akauliza, nikamwambia mafua. Tumepita Mlandizi, tukaingia barabara ya vumbi kwenda Mzenga, na kila shimo lilinifikia sikioni.

Wametupokea vizuri. Mkeka mpya, maji ya madafu. Baba yake Vailet, Mzee Bernard, ameketi kwenye kiti cha kamba. Pembeni dada yake, Bi Benedikta, ambaye ndiye msemaji wa nyumba. Tumetoa shikamoo, tumepewa marahaba. Wilfred akanipa ishara.

Nikajitambulisha: natoka Kibaha, kitengo cha ardhi. Hilo lilisikika vizuri. Yaliyofuata yalipita kwenye upenyo wa kidole kimoja na barakoa juu yake. Bustani haikutoka. Zuri halikutoka. Kilichotoka ni kwamba tumeona ua na tunaomba tuuchukue.

Mzee Bernard ameweka dafu chini. Akauliza ua upi.

Nikajibu, ule mlioutunza miaka ishirini na minne.

Akasema kweli, ua wake una miaka ishirini na minne, na michongoma ile aliipanda mwenyewe, na majirani wote ni mashahidi.

Nikaitikia kwa kichwa, kwa furaha. Nilidhani ananijibu kwa mafumbo, nikamwona ni mtu mzito.

"Ua wangu haumegwi," akasema, akasimama kwenda ndani kuchukua karatasi zake. Akamwita na jirani.

Hapo Wilfred akaweka daftari chini. Akasema sentensi nne. Mzee, samahani. Ndugu yangu anaumwa. Hatukuja kwa ajili ya uwanja. Tumeleta barua, kijana wetu Joel anaomba kumwoa Vailet.

Kisha Bi Benedikta akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga, na Mzee Bernard akarudi kuketi, karatasi mkononi, naye anacheka. Nilitaka kucheka pia. Mate yalinijaa nikashindwa kuyameza.

Bi Benedikta aliona. Akaacha kucheka. Akaja, akanishusha barakoa, akanishika chini ya taya kwa vidole viwili. Akaniambia nimeze. Nikajaribu. Akaniambia tena. Sikuweza.

"Barua nimeipokea," akamwambia Wilfred. "Mchukue huyu mtoto sasa hivi. Msikae hapa."

Njiani Wilfred hakusema neno la lawama. Aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine umenishika bega nisilale. Shingo ilikuwa imekaza kama ubao. Nilikuwa nahesabu pumzi. Sikuwa na mpango wowote, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Jumatatu, 11 Agosti

Jana walipasua uvimbe na kutoa usaha. Dokta Atupele aliitwa kutoka nyumbani kwake kwa ajili yangu. Leo asubuhi ameniambia ulikuwa unashuka shingoni, na kwamba tungechelewa mpaka jioni, kupumua kungekuwa kazi. Akauliza vidonge. Nikaonyesha mfuko wa suruali. Akavihesabu mbele yangu, polepole, kwa sauti. Sijawahi kuona namba zikitamkwa kwa huzuni namna ile.

Joel amekaa nami tangu asubuhi. Nilimwandikia kwamba nimeharibu. Akasoma, akakunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Ungeniambia tu," akasema.

Nimegeukia ukutani kidogo. Dripu ilikuwa inavuta.

Alhamisi, 14 Agosti

Limeng'olewa. Ganzi ni kitu cha ajabu: unasikia mlio wote wa kazi lakini shavu ni la mtu mwingine. Dokta amelikata vipande viwili kwanza, kwa sababu lilikuwa limejibana. Nimeomba kuyaona mabaki. Meupe, na mizizi miwili iliyopinda kama magoti ya mtu aliyechutama. Nilitafuta alama yoyote. Nimeligeuza, nimelinusa. Ni jino tu.

Masharti: nisiteme mate kwa nguvu, nisinywe kwa mrija, nisiguse shimo kwa ulimi, damu iliyoganda pale ndiyo kifuniko chake.

Nimeligusa mara moja tu, nijue linafananaje. Ni laini.

Jumapili, 17 Agosti

Niko nyumbani. Vidole viwili na nusu, vinaongezeka.

Mchana amekuja Joel, uso unang'aa. Jibu limetoka Mzenga: posa imekubaliwa. Bi Benedikta amewaambia kwamba watu waliothubutu kuja na mgonjwa ili wasivunje ahadi ni watu wa kuoana nao. Vailet amecheka habari ya ua mpaka wamemkanya. Mzee Bernard ametuma salamu na ombi moja: mazungumzo yajayo asimamie yule mwalimu mwenye maneno machache.

Nimelitafakari ombi hilo pande zote. Ukweli uko wazi. Hotuba ndefu ya Wilfred ingewalaza. Sentensi zake nne zilipendwa kwa sababu mimi nilikuwa nimeshawaamsha. Nimemweleza Joel. Amesema pole na ugonjwa.

Kuna jambo jingine. Amenipigia Firdausi wa mapokezi, ofisini kwetu. Tangu jana anahisi kitu kigumu nyuma ya magego, na taya linakaza kidogo asubuhi. Alitaka namba ya Dokta Atupele. Nimemwambia asikimbilie hospitali, madaktari wana haraka ya kung'oa. Mimi sasa nina uzoefu. Kesho saa nne, baada ya chai, aje masijala na tochi, tulitazame kwanza. Na ninavyo vidonge vichache nilivyobakiza.